Mashua na Mikono ya Kuziteremsha

Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 1912, katika bandari ya Southampton kule Uingereza, afisa wa serikali aliyepewa dhamana ya kukagua merikebu kabla hazijang'oa nanga alisimama juu ya sitaha ya Titanic akiwatazama mabaharia wachache, waliovalia maboya ya kifuani, wakiteremsha mashua mbili majini, wakizunguka nazo kitambo gatini, kisha wakizipandisha tena mahali pake. Shughuli yote ilikuwa ya kiasi cha nusu saa. Maji yalikuwa shwari, mchana mweupe, na waliochaguliwa walikuwa watu waliokwisha kuizoea kazi ile. Afisa akaridhika, akatia sahihi yake, na merikebu ile ya tani 46,328, ambayo siku zile haikuwa na mwenzake kwa ukubwa katika bahari yoyote, ikaondoka na cheti chake kikiwa kamili.

Na kwa hakika kilikuwa kamili, wala hapakuwa na hila. Sheria ya Uingereza iliyopanga hesabu ya mashua za kuokolea ilitungwa mwaka 1894, na jedwali lake lilikomea kwenye merikebu za tani 10,000 na zaidi, ambazo zilitakiwa kuchukua mashua 16. Kwa kuwa merikebu zilikua na jedwali likabaki vile vile, chombo cha tani 46,000 hakikudaiwa zaidi ya kile cha tani 10,000. Wenye Titanic waliongeza nne za kukunjwa juu ya zile 16, wakawa wameizidi sheria, nao walijua kwamba wameizidi. Mashua zote 20 ziliweza kuchukua watu 1,178. Katika merikebu walikuwamo watu wapatao 2,200.

Kadhia yenyewe inajulikana kila pembe ya dunia, hata kwa wasiopata kuiona bahari, nami sitairudia ila pale inapohusika na maudhui haya. Merikebu ililigonga jabali la barafu muda mfupi kabla ya usiku wa manane wa tarehe 14, na ilipotimu saa nane na dakika ishirini usiku ikazama. Baina ya kugonga na kuzama palikuwa na muda wa zaidi ya saa mbili na nusu, bahari ikiwa imetulia kama maji ya birika, jambo ambalo ni nadra katika Atlantiki ya kaskazini. Na mtu angedhani kwamba katika muda kama huo, na katika utulivu kama ule, kila mashua ingaliondoka imejaa. Haikuwa hivyo. Mojawapo ya mashua za kwanza kuteremshwa, yenye nafasi ya watu 65, iliondoka na watu wasiofika hata nusu ya hesabu hiyo. Nyingine, yenye nafasi ya watu 40, iliondoka na watu 12. Maafisa walichelea kwamba mashua zikishushwa zimejaa zingekatika katikati au kamba zake zingeshindwa, ilhali mashua zile zilikwisha kujaribiwa kwa uzito kamili huko Belfast zilikoundwa, lakini habari ya jaribio hilo haikuwafikia wale waliokuja kuzihitaji. Orodha iliyoonyesha kila baharia awe kwenye mashua ipi ilikuwa imebandikwa ukutani, lakini wengi hawakuwa wameisoma, na watumishi wa vyumbani na wachochea makaa walijikuta wameshikishwa makasia ambayo hawakuwahi kuyagusa maishani mwao.

Waliookolewa na merikebu Carpathia kulipopambazuka walikuwa kiasi cha watu 700, na waliofariki kiasi cha 1,500. Tangu siku ile hadi leo, kila anayeisimulia Titanic husema kwamba mashua zilikuwa chache, na ni kweli tupu. Lakini ukitoa 700 katika 1,178 utaona kwamba viti zaidi ya mia nne viliondoka vitupu, na viti hivyo ni ushahidi wa pili, ambao haukusikilizwa sana, kwamba hata zile mashua chache zilikosa watu waliofunzwa namna ya kuzijaza na kuziteremsha. Ushahidi wa kwanza ulikuwa mwepesi kuutungia sheria, kwa kuwa mashua huhesabika. Wa pili ulihitaji miaka sitini na sita.

Uchunguzi ulifanywa pande zote mbili za bahari. Wa Marekani uliongozwa na Seneta William Alden Smith, na wa Uingereza ukaongozwa na Lord Mersey, jaji mkongwe mwenye ulimi mkali. Huko pia ikadhihirika habari ya merikebu Californian, iliyokuwa imesimama katika barafu si mbali sana na pale, ambayo mpigasimu wake, akiwa peke yake katika kazi ile, alikwisha kufunga chombo chake na kwenda kulala kabla wito wa msaada haujaanza kurushwa. Sheria haikumlazimu kukesha, wala haikuilazimu kampuni kumwajiri wa pili.

Mataifa yakaitana London mnamo Novemba 1913, na kana kwamba bahari yenyewe ilitaka kutoa ushahidi wa ziada, mwezi mmoja kabla ya mkutano, merikebu Volturno iliyojaa wahamiaji ilishika moto katikati ya Atlantiki na dhoruba ikivuma. Ilipopiga wito kwa simu isiyo na waya, merikebu kumi zikaja moja baada ya nyingine, zikaizunguka usiku kucha bila kuweza kuifikia, mpaka ilipofika merikebu ya mafuta, Narragansett, ikamwaga mafuta juu ya bahari kuyalaza mawimbi, na mashua zikapata kupita. Watu zaidi ya 500 waliokolewa. Lakini wengi miongoni mwa waliokufa walikuwa ni wale walioharakishwa kuingia mashua za mwanzo, zilizopigwa na mawimbi zikavunjikia ubavuni mwa merikebu. Simu iliwaokoa wengi, na mashua zikawaua wengine, kwa kuwa kuteremsha mashua katika bahari iliyochafuka ni kazi ya watu waliozoezwa, si ya kila mwenye mikono miwili.

Mkutano wa London uliongozwa na yule yule Lord Mersey, na tarehe 20 Januari 1914 wajumbe wa mataifa 13 wakatia sahihi mkataba wa kwanza wa kulinda uhai wa binadamu baharini. Uliamuru kwamba kila aliyemo chomboni awe na nafasi katika mashua, kwamba merikebu kubwa za abiria zikeshe kusikiliza simu mchana na usiku, na kwamba pawe na doria ya kuangalia majabali ya barafu katika Atlantiki ya kaskazini, doria ambayo ingali ikiendelea. Mazoezi ya mashua nayo yalitajwa, pamoja na haja ya kuwa na mabaharia wenye cheti cha kuziendesha. Ulikuwa uanze kutumika Julai 1915. Kabla ya hapo ikaja Vita Kuu, na mataifa yaliyokuwa yameafikiana juu ya kuokoa watu baharini yakaingia katika kuwazamisha, na mkataba haukupata kusimama kwa ukamilifu wake.

Julai hiyo hiyo ya 1915, ndani ya mto wa Chicago, mbali kabisa na bahari, lilitokea jambo ambalo kila mtunga sheria angefaa kulijua. Meli Eastland, ambayo tangu zamani ilijulikana kuwa nzito upande wa juu, ilikuwa imeongezewa mashua na maboya ili kutii matakwa mapya yaliyozaliwa na msiba wa Titanic, nayo uzito ule ukawekwa juu ya sitaha. Asubuhi ya tarehe 24, ikiwa imejaa wafanyakazi na watoto wao wanaokwenda mandari, ililala ubavu ingali imefungwa gatini, na watu 844 wakafa hatua chache kutoka ukingoni. Hakuna mashua hata moja iliyoteremshwa, maana hapakuwa na nafasi.

Mkataba wa pili ulifanywa London mwaka 1929, na mataifa 18 yakautia sahihi, huku habari ya Vestris ingali midomoni mwa watu. Merikebu hiyo iliondoka New York mnamo Novemba 1928 ikielekea Amerika ya Kusini, ikaanza kulalia upande mmoja kwa maji yaliyokuwa yakiingia. Nahodha akasitasita saa nyingi kabla ya kuomba msaada, na mashua zilizojazwa wanawake na watoto zikashushwa upande mbaya, zikagonga, zikapondeka. Watu zaidi ya 110 walipotea, na katika watoto waliokuwamo hakuokoka hata mmoja. Hapa mashua zilitosha, na hesabu ilikuwa sawa. Lakini mkataba wa 1929, pamoja na mema yake mengi, uliendelea kuuliza zaidi juu ya chombo kuliko juu ya watu wake.

Wakati ule ule palikuwa na abiria wengine ambao hesabu zao ziliandikwa katika daftari la pembeni, na hili latuhusu sisi wa pwani hii. Merikebu zilizochukua mahujaji kwenda Jeddah, na zile zilizochukua maelfu ya watu wasio na vyumba, waliolala juu ya mikeka sitahani pamoja na masanduku na masufuria yao, ziliruhusiwa na mkataba wa 1929 kutengewa masharti yao. Na mwaka 1931, kule Simla, mji wa milimani wa Bara Hindi, yakapangwa masharti hayo, mepesi kuliko yale ya merikebu za Atlantiki. Hoja ilikuwa kwamba masharti kamili yangeipandisha nauli hata maskini asiweze kusafiri, na hoja hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Walakini ni vigumu kuisoma leo bila kujiuliza ni nani katika abiria wale aliyeulizwa rai yake. Wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam waliosafiri kwa Karanja au Kampala kwenda Bombay, au waliokuja kutoka huko, walizijua sitaha zile. Yalipita miaka 40 kabla ya mataifa kukaa tena, mwaka 1971, kuyatazama upya masharti ya merikebu hizo katika maafikiano ya peke yake.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya Morro Castle, kwa maana sioni ajali nyingine inayofunua jambo hili kwa uwazi kama ile. Ilikuwa merikebu ya fahari, haijatimiza hata miaka mitano, ikienda na kurudi baina ya New York na Havana. Ilikuwa na milango ya kuzuia moto, mabomba ya maji katika kila sitaha, na mashua 12 zenye nafasi nyingi kuliko watu wake wote. Lakini abiria mmoja aliteleza siku moja juu ya sitaha iliyoloa maji wakati wa mazoezi ya kuzima moto, akaumia, akadai fidia. Na baada ya hapo mipira ya maji ikaondolewa kwenye mabomba ya sitahani na mazoezi yakawa jina tu, ili asiteleze tena mtu. Usiku wa tarehe 7 Septemba 1934, merikebu ikiwa inakaribia nyumbani, nahodha Robert Willmott alikutwa amekufa chumbani mwake, na msaidizi wake mkuu, William Warms, akachukua uongozi akiwa amechoka na dhoruba ikizidi. Kabla ya alfajiri moshi ukaonekana katika kabati la chumba cha kuandikia barua.

Kilichofuata chaweza kuelezwa kwa maneno machache. Merikebu iliendelea kwenda mbele kuukabili upepo, na upepo ukaupeleka moto ndani kama mvukuto. Mabomba mengi yalifunguliwa kwa wakati mmoja hata maji yakakosa nguvu. Wito wa msaada ulichelewa kutolewa, kwa kuwa mpigasimu alikuwa akingojea amri na amri haikuja upesi. Abiria walikimbilia tezi, mahali ambapo hapakuwa na mashua, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia pa kwenda. Wengi wakajitupa baharini na maboya yao, na baadhi yao waliofikia maji kwa kishindo walivunjwa shingo na maboya yale yale, kwa kuwa hawakufundishwa namna ya kuruka. Katika mashua 12 ziliteremshwa sita, nazo zikafika pwani zikiwa na watu 85, wengi wao mabaharia, akiwamo mhandisi mkuu. Watu 137 walikufa. Merikebu ikasukumwa na mawimbi hadi ufuoni pa Asbury Park, ikakwama pale inafuka moshi, na watu wakaja kwa maelfu kuitazama.

Marekani, iliyokuwa imetia sahihi mkataba wa 1929 bila kuuridhia, iliuridhia mwaka 1936. Mikataba mingine ikafuata 1948 na 1960, huu wa mwisho ukiwa kazi kubwa ya kwanza ya shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, lenye makao yake London. Baada yake, tarehe 8 Aprili 1961, merikebu Dara, iliyofanya safari za Bombay na Basra kupitia bandari za Ghuba, ililipuka kabla ya alfajiri karibu na Dubai. Siku iliyotangulia tufani ilikuwa imeilazimisha kutoka bandarini kwa haraka na kuelekea bahari kuu, ikiwa na watu waliopanda kuwaaga jamaa zao au kuuza bidhaa, ambao hawakuwahi kushuka. Moto ukaenea, mashua moja iliyopakiwa kupita kiasi ikapinduka na waliomo, na katika watu 819 wakafa 238. Waliochunguza waliona kwamba yaelekea ni baruti iliyotegwa, na jambo hilo sheria ya usalama haiwezi kulizuia. Lakini mashua iliyopinduka kwa kuzidiwa ni habari nyingine, na hiyo ni ya zamani.

Mkataba wa 1974, ambao ndio unaotumika hata sasa pamoja na marekebisho yake, ulileta hila moja ya kisheria inayostahili kusifiwa. Zamani kila rekebisho lilingojea thuluthi mbili za mataifa ziandike kwamba zimekubali, na mengi yalikufa yakingojea. Tangu hapo ikapangwa siku, na siku hiyo ikifika bila idadi maalumu ya mataifa kupinga, rekebisho huwa sheria. Ukimya ukafanywa ridhaa, kama bikira anapoulizwa na walii wake juu ya ndoa. Kwa njia hiyo sheria ikaanza kwenda kwa mwendo wa merikebu zenyewe.

Ndipo, tarehe 7 Julai 1978, ukaja mkataba uliomhusu baharia mwenyewe: mafunzo yake, shahada zake na zamu zake za ulinzi. Kabla ya hapo kila nchi ilitoa shahada kwa desturi yake, na merikebu yenye bendera ya nchi moja, mali ya tajiri wa nchi nyingine, ikiendeshwa na mabaharia wa nchi tano, ilikuwa na shahada za namna tano. Mkataba ulianza kutumika 1984, lakini maneno yake mengi yaliachia kila serikali ipime kwa kadiri inavyoridhika, na serikali huridhika upesi. Aprili 1990 meli ya abiria Scandinavian Star ikashika moto baina ya Norwe na Denmaki, ikiwa na mabaharia wengi wageni chomboni, wasioelewana lugha wao kwa wao wala na abiria, na watu 159 wakafa. Mwaka 1995 mkataba ukaandikwa upya, na safari hii ukasema wazi baharia aweze kufanya nini mbele ya macho ya mkaguzi.

Mambo hayo anayejifunza ubaharia katika chuo cha Dar es Salaam au Mombasa huyafanya kwa mwili wake. Husimama juu ya jukwaa akiwa amevaa boya, mkono mmoja ukiziba pua na mdomo, wa pili ukilikandamiza boya kifuani lisije likampiga kidevu, akatazama mbele na si chini, kisha akapiga hatua moja hewani, na wala haruki. Ndani ya maji hukuta chelezo cha kujaza hewa kimepinduka. Hupanda upande wenye chupa ya gesi, akakamata mikanda iliyo chini yake, akajitupa kinyumenyume kwa uzito wake wote, upepo ukimsaidia ikiwa amejua kuugeuzia chelezo, nacho humwangukia juu ya kichwa, naye hana budi kulala chali na kujivuta nje bila kuhamaki. Katika nyumba ya moshi hutambaa akifuata ukuta, na mlango huugusa kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua. Abiria wa Morro Castle hawakuwa na mtu mmoja wa kuwaambia habari ya boya na kidevu.

Marekebisho yaliyofanywa Manila mwaka 2010 yaliongeza kwamba ujuzi huu uthibitishwe tena kila miaka mitano, na yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Siku 12 baadaye Costa Concordia ikagonga mwamba katika kisiwa cha Giglio, pwani ya Italia, na watu 32 wakafa. Abiria mamia waliopanda Civitavecchia jioni ile hawakuwa wamekusanywa kuonyeshwa mahali pao pa dharura, na sheria haikuvunjwa kwa hilo, kwa maana ilitoa muda wa saa 24 tangu kupanda. Kuanzia Januari 2015 mkusanyo huo hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu baada yake, na kila abiria husikia milio saba mifupi ya honi na mmoja mrefu angali anaiona bandari.

Lakini mkataba wa 1974 una mipaka, na mipaka yake imeandikwa katika kurasa zake za mwanzo. Hauhusu manowari, wala vyombo vya uvuvi, wala merikebu za shehena zisizofika tani 500, wala vyombo vya mbao vilivyoundwa kwa namna ya kale, yaani majahazi na mashua zetu. Na zaidi ya yote, hauhusu safari za ndani ya nchi moja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba imejaa watu na shehena kupita kiasi chake, ilizama nje ya Nungwi, na msiba wake ukaingia katika nyumba nyingi za Pemba kuliko msiba wowote wa bahari unaokumbukwa visiwani. Haujatimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Bara na visiwani ni dola moja, kwa hiyo safari zote mbili, kwa hesabu ya London, zilikuwa za ndani.

Mnamo 2015 wajumbe walikutana tena Manila, safari hii kwa ajili ya vivuko na meli za abiria za safari za ndani, wakatoa tamko la kuzihimiza serikali. Na mwaka 2022 shirika la London likapitisha kanuni za mfano juu ya vyombo hivyo: ukaguzi wake, idadi ya abiria, mafunzo ya mabaharia na mazoezi yao. Kanuni hizo ni nasaha, na kila serikali huchukua katika hizo kadiri ipendayo.